Zimwi Linapandaje Jukwaani? Historia Fupi ya Kuigiza Hadithi za Ajabu

Swali ambalo wanafunzi wetu wa fasihi huuliza mara kwa mara, hasa wale wanaojiandaa kwenda kufundisha katika shule za Isingiro, ni hili: hadithi yenye zimwi linalomeza kijiji kizima, au jini linalogeuza watu kuwa manyani, au chombo kinachoruka hadi sayari nyingine, itaigizwaje mahali pasipo na pazia wala taa? Wengi wao huwa wamekwisha kujijibu kwamba haiwezekani. Basi huchagua mchezo wa mume mlevi na mke mvumilivu, kwa kuwa mchezo huo unahitaji meza moja na chupa moja.

Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba historia ya maigizo ya Afrika Mashariki inasema vingine. Hadithi za ajabu zimepanda jukwaani hapa kwetu kwa zaidi ya nusu karne, na kila tunapozitazama zile zilizofaulu tunaona kwamba hazikubebwa na mitambo. Zilibebwa na mtambaji na waitikiaji wake. Tunaandika tukiwa na makazi ya wakimbizi ya Oruchinga na Nakivale akilini, kwa sababu huko Kiswahili kinazungumzwa na watoto wengi kuliko wanaokisoma darasani, na ngano wanazo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Unguja ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mjini London kitabu cha ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja. Katika dibaji yake aligusia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Alieleza kwamba ngano hizo kwa kawaida zina kipande cha kuimbwa ambacho wote waliohudhuria hukiitikia, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo ndani ya vipande hivyo vya wimbo. Masimulizi ya katikati msimulizi huyabuni papo hapo. Kwa maneno mengine, kile tunachokiona kitabuni kuwa ndiyo hadithi, yaani nathari ndefu, kilikuwa nyama tu ya kubadilishwa kila usiku, na kile tunachokiona kuwa pambo ndicho kilichosimamisha mwili.

Kitabu kilihifadhi maneno, hakikuhifadhi sauti za waitikiaji. Baada ya hapo maandishi ya Kiswahili yenye maajabu yalizidi kuandikwa kwa ajili ya jicho. Alfu Lela Ulela ilitoka kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920, tafsiri ya E. W. Brenn, Safari za Gulliver ikafuata mwaka 1932, na mwaka 1952 Shaaban Robert akatoa Adili na Nduguze, kisa cha ndugu wawili wahasidi waliogeuzwa manyani, ambacho chimbuko lake linaonekana wazi katika Alfu Lela Ulela. Vitabu hivi tunavipenda na tunavifundisha. Hata hivyo, vimetuzoeza kuisoma ngano kimya, mtu na dawati lake, na mwanafunzi aliyezoea hivyo ndiye anayekuja kutuuliza habari za pazia na taa.

Sasa tuje nyumbani. Makazi ya Oruchinga na Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara hadi katikati ya miaka ya 2000. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Mwaka 1982, wakati wa serikali ya pili ya Obote, maelfu ya watu walioitwa Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao katika wilaya ya Mbarara; wengine walivuka mpaka, wengine wakasongamana katika makazi haya haya. Baada ya 1994 wengi wa wakimbizi wa zamani walirudi Rwanda. Nafasi zao zikachukuliwa na wengine: Wakongo kutoka Kivu waliokimbia vita visivyokwisha, Warundi, hasa baada ya mgogoro wa mwaka 2015, na kwa upande wa Nakivale Wasomali na Waethiopia pia.

Kwa mzee wa Mbarara, Kiswahili kina kumbukumbu ambayo mgeni kutoka Tanga au Mombasa haijui. Kilikuja na askari wa mkoloni, kikabaki kambini. Mjini Mbarara kuna shule mashuhuri iitwayo Ntare, na kuna kambi ya jeshi iliyojulikana kwa jina la Simba. Maneno hayo mawili yanamtaja mnyama mmoja: kwa Runyankore ni shule, kwa Kiswahili ni kambi. Mwaka 1972 wapiganaji wa Obote waliotokea Tanzania walishambulia Mbarara wakashindwa. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka mji, na ukabaki umebomolewa vibaya. Hata waliowapokea askari hao kama wakombozi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kikitoka katika midomo ya watu wenye bunduki.

Tangu wakati huo sheria zimekwenda mbele. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria inaweza kuleta somo kwenye ratiba. Haiwezi kukiondoa kizuizi cha barabarani kilichobaki kichwani mwa mzee.

Huko Oruchinga lakini Kiswahili kimeingia kwa mlango wa jikoni. Ni lugha ambayo mama kutoka Kivu humkaripia nayo mtoto, hubembeleza nayo, na kuuzia nayo nyanya. Mtoto huyo akifika shuleni hukuta mtaala wa Uganda, ambao husomwa kwa Kiingereza, na wenzake wenyeji huongea Runyankore uwanjani. Akibahatika kumpata mwalimu wa Kiswahili, huambiwa kwamba Kiswahili chake ni kibovu. Hapo ndipo tunapoona umuhimu wa ngano ya kuigizwa. Si burudani tu. Ni mahali pekee katika ratiba ambapo mtoto huyo anaweza kuwa ndiye anayejua.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri, kikiongozwa na mwalimu David Cook pamoja na wanafunzi wake. Walizunguka wakati wa likizo, wakaigiza bila malipo popote watu walipokusanyika, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha kadhaa za Uganda. Rose Mbowa, ambaye baadaye alikuwa profesa na mmoja wa vinara wa maigizo ya nchi hii, alikuwa miongoni mwa waigizaji hao. Kutokana na mazingira hayo ya Makerere ulitoka mkusanyo wa michezo mifupi uliohaririwa na Cook na Miles Lee mwaka 1968, na humo mna The Exodus wa Tom Omara. Mchezo huo umechukua kisasili cha Waluo cha ndugu walioachana kwa sababu ya mkuki uliokwenda na ndovu na ushanga uliomezwa na mtoto. Wanafunzi wetu huwa wanashangaa tunapowauliza: ndovu mliwahi kumwona jukwaani? Hayumo, na hakuna anayemdai. Mtu akirudi na mkuki, hadhira imeshaiona safari yote.

Robert Serumaga alikwenda mbali zaidi. Renga Moi, mchezo wake wa mwaka 1972, ulitokana na masimulizi ya Kiacholi kuhusu shujaa aliyebanwa kati ya kulinda kijiji chake na kuwaokoa watoto wake pacha. Waigizaji walichanganya lugha, wakacheza, wakaimba, wakaiacha miili iseme. Mchezo ukaonyeshwa hadi London, mbele ya watu wasiojua hata neno moja la lugha hizo. Miaka miwili baadaye alitoa Amayirikiti, ambao maneno yake ni machache mno. Wakosoaji husifu ufundi wake, nasi tunausifu, ila tusisahau kwamba ilikuwa Uganda ya Amin na neno lilikuwa kitu cha hatari. Byron Kawadwa, aliyeandika kwa Luganda mchezo wa nyimbo juu ya jogoo Wankoko, na ambaye alikuwa mkurugenzi wa Jumba la Maigizo la Taifa mjini Kampala, aliuawa na watu wa utawala huo mwaka 1977, muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos. Anayedhani kwamba hadithi za jogoo na mazimwi ni za kitoto, na amfikirie Kawadwa.

Dar es Salaam walilikabili swali letu moja kwa moja, na kwa Kiswahili. Ebrahim Hussein, aliyekwisha kupata sifa kwa Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971), alichapisha mwaka 1976 kazi mbili fupi katika kitabu kimoja, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Kwa maoni yetu hizi ndizo kazi zake zinazosomwa kidogo kuliko zinavyostahili. Ndani yake hakuna kundi la wahusika linalosemezana kama katika tamthilia tulizozizoea. Yupo mtambaji, anasimulia kishairi, na huyo huyo huwa kila mtu. Katika Ngao ya Jadi kuna joka linaloitesa nchi, nalo limo katika sauti yake. Ukimpa mwanafunzi kazi hii aisome kimya ataona ugumu mtupu. Mpe asimame mbele ya darasa na umwambie wenzake waitikie, ugumu mwingi unayeyuka.

Wengine wakafuata njia hiyo kila mmoja kwa mwendo wake. Penina Muhando, katika Lina Ubani (1984), alisuka ngano na mambo ya siku hizi katika mchezo mmoja. Kundi la Paukwa lilijiita kwa kianzio chenyewe cha ngano. Emmanuel Mbogo alimpandisha jukwaani mganga wa Kisukuma aliyesifika kukausha miti kwa kuinyooshea kidole, katika Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988). Farouk Topan alikuwa amekwisha kuipeleka tamthilia peponi mwaka 1973, katika Aliyeonja Pepo, na kuifanya pepo iwe na urasimu wa ofisi. Tukisema habari za kugeuza hadithi kuwa mchezo hatuwezi kuacha kumtaja Amandina Lihamba, ambaye Hawala ya Fedha yake (1980) ilitokana na kisa cha Ousmane Sembène wa Senegali, ingawa humo maajabu pekee ni ya watumishi wa serikali.

Kwa upande wa Kongo, walikotoka wengi wa wakazi wa Oruchinga, kuna mapokeo ambayo idara zetu za Kiswahili huyasahau kwa sababu hayana vitabu. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi limeigiza kwa miongo mingi kwa Kiswahili cha huko bila muswada. Mwaka 1986 mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian aliwafuata walipokuwa wakitengeneza mchezo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na kitabu alichoandika kinaonyesha hatua kwa hatua jinsi waigizaji walivyokubaliana juu ya mifupa ya mchezo, kisha kila mmoja akaivisha nyama mwenyewe. Je, si jambo lile lile Steere aliloliona Unguja? Tunadhani ni hilo. Mzazi wa Kikongo anayemwambia mwalimu kwamba mchezo hauandikwi, si mtu asiyejua maigizo.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya maigizo ya maendeleo. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya kukumbukwa kijijini Malya, mkoani Mwanza, wakitumia ngoma na uigizaji ili wanakijiji wajadili matatizo yao wenyewe. Baadaye mtindo huo ukaingia katika makambi ya wakimbizi kila mahali, na mara nyingi ukabaki mifupa bila nyama: mchezo wa kunawa mikono, mchezo wa chandarua, mchezo wa kipindupindu. Hatuna ugomvi na kunawa mikono. Lakini zimwi likishageuzwa kuwa kipindupindu, mtoto hulitambua mapema na kuacha kuliogopa, na pale anapoacha kuogopa huacha pia kuitikia. Walimu nao wana kosa kama hilo wanapoligeuza zimwi kuwa somo la nidhamu. Tunaomba ngano iachiwe meno yake.

Vipi basi hadithi za kubuni za kisayansi, ambazo vijana wanazipenda na wazee wanazitilia shaka? Zenyewe si ngeni jukwaani. Neno roboti lilitoka katika mchezo wa kuigiza, R.U.R. wa Karel Čapek, uliochapishwa mwaka 1920. Mwaka 1964 mwandishi wa Marekani Ray Bradbury alizigeuza hadithi fupi zake tatu kuwa michezo mjini Los Angeles. Moja ni The Veldt, aliyoiandika mwaka 1950: nyumba inayofanya kila kazi yenyewe, chumba cha watoto ambacho kuta zake huonyesha chochote wanachokiwaza, na watoto wanaoiwaza mbuga ya Afrika hadi simba wa ukutani wakawala baba na mama. Tunaweza kulalamika, na kwa haki, kwamba Afrika yake ni joto, tai na simba tu. Lakini itazame kwa jicho la mwigizaji. Simba hawahitaji kuonekana hata mara moja. Ukuta ni hadhira yenyewe; wazazi wanaitazama, na wanafunzi hamsini walioketi chini wanaweza kunguruma vizuri kuliko spika yoyote tuliyowahi kukodi.

Kwa Kiswahili tunayo riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), ambayo safari yake ya chombo cha kuruka inaweza kukatwa ikawa mchezo mfupi. Dzombo anaiacha jamii ya dhuluma na kufika nchi nyingine kabisa ambako watu wanaishi kwa usawa. Jina la nchi hiyo ukilitamka polepole linajifasiri lenyewe: wale ni sisi. Sijui kama kuna jina linaloweza kusemwa kwa pamoja na watoto wa wenyeji na wa wakimbizi likawa zito zaidi, na ndiyo maana tungependa lisemwe mara moja tu, mwishoni, bila mwalimu kulieleza.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza, hata hivyo, sisi tungemshauri aanze na Nunda, iliyomo katika kitabu kile kile cha Steere. Sultani Majinuni ana paka. Paka anakula ndama, watu wanalalamika, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia, na jibu ni lile lile. Kisha anakula watu, anakimbilia msituni, na siku moja anawala wana wa sultani mwenyewe. Kijana wa mwisho, aliyedharauliwa nyumbani, anatoka kwenda kumtafuta. Anaua mbwa, anamkokota hadi nyumbani, anamwimbia mama yake kwamba huyu ndiye; mama anamwimbia kwamba siye. Anarudi porini. Fungo, punda milia, twiga, kifaru, ndovu: kila mara anaimba, na kila mara mama anakataa.

Hii ni tamthilia iliyokwisha kujiandika. Wanyama hawahitajiki. Inahitajika kamba moja ndefu, ambayo ncha yake iko nje ya macho ya watazamaji, nyuma ya jengo la darasa. Mbwa huvutwa na mtoto mmoja, fungo na wawili, twiga na kumi, na kwa ndovu darasa zima linavuta na kamba haisogei. Ukubwa wa mnyama uko katika migongo ya wavutaji. Kijana aimbe kwa Kiswahili chochote alichotoka nacho kwao, cha Bukavu au cha Bujumbura, bila kusahihishwa. Wavulana wenzake wamwitikie hivyo hivyo.

Sehemu ya mama tungeiweka kwa hadhira, na hadhira ya Oruchinga ikiwa nusu ni wenyeji, jibu la kukataa litoke kwa Runyankore. Wimbo ni mfupi, unarudiwa mara saba au nane; ikifika zamu ya kifaru kila mtu ameshaujua kwa lugha zote mbili. Nunda mwenyewe akiletwa, na mama akikubali kwamba sasa ndiye, kamba ikatwe kabla mzigo haujaonekana.